Elimu ya Kuhesabu Maradhi

Mama wa Musonoi afagiapo nyumba asubuhi wakati wa kiangazi, jioni huliona vumbi limekwisha kurudi. Mtoto akikohoa, humpeleka kwa mganga. Mganga humtazama mtoto yule mmoja, naye afanya vema. Lakini nani atautazama mtaa mzima na kuuliza: Je, kuna kitu kiwaingiacho watoto wa hapa kuliko watoto wa mtaa mwingine?

Kazi hiyo inayo elimu yake, iitwayo epidemiolojia. Silaha zake kubwa ni mbili: kuhesabu na kulinganisha.

Tutwae mfano wa hapa kwetu Kolwezi. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu, wakaanza kuchimba viwanjani mwao. Baadaye Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na Profesa Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzao, walipima damu na mkojo wa wakaaji 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto. Wakawalinganisha na watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: kobalti katika mkojo wa watoto wa Kasulo ilikuwa kama mara kumi ya ile ya watoto wenzao. Vumbi la nyumbani nalo lilikutwa na madini. Basi hata asiyeshika sururu hufikiwa.

Angalieni vema: kipimo hicho hakisemi kwamba kila mtoto ni mgonjwa. Chasema tu kwamba madini yamemwingia. Ili kuyajua madhara, yapasa kulinganisha tena. Ndivyo ulivyofanya utafiti wa Lubumbashi uliotolewa mwaka 2020: watoto waliozaliwa na kilema walilinganishwa na waliozaliwa wazima, na kazi ya migodi ilionekana zaidi kwa baba za wale wenye kilema.

Kwa hiyo, baba, utokapo mgodini, oga na kubadili nguo kabla ya kumpakata mwanao. Mama, futa vumbi kwa kitambaa kilicholoweshwa. Nanyi wanafunzi, msilidharau somo la hesabu. Siku mwenye mgodi atakaposema vumbi halina neno, machozi ya mama hayatatosha kumjibu. Zitatakiwa hesabu za kweli, na yafaa mwenye kuzitoa awe mtoto wa Musonoi.