Paka Rangi Nyeupe Kabla ya Kuongeza Paneli

Hebu tuanze na swali. Saa moja jioni ukiwa sebuleni kwako, unawasha taa ngapi ndipo mtoto asome kitabu bila kukunja uso? Kama ni zaidi ya moja, endelea kusoma. Huenda shida si sola yako, wala si stima. Huenda ni ukuta.

Mmoja wetu hapa ofisini ana mama anayeishi upande wa Mwingi, kaunti ya Kitui. Alimnunulia sola ya kulipa pole pole kwa simu: paneli moja juu ya mabati, betri, taa nne na redio. Wakati huo huo nyumba ilikuwa inafanyiwa ukarabati, kwa hivyo sisi wote tukachangia maoni. Tulipekua picha mtandaoni, tukachagua. Ukuta wa rangi ya kahawa iliyokolea, silingi ya mbao nyeusi, mapazia mazito ya rangi ya zambarau. Picha zilipotumwa kwa WhatsApp, tulipiga makofi. Nyumba ilikuwa imetoka vizuri kama hoteli.

Desemba akaenda nyumbani. Jioni ya kwanza akamkuta mama ameketi sebuleni akichambua ndengu kwa tochi ya simu. Taa ilikuwa inawaka juu yake. Akamuuliza, mbona tochi na taa iko? Mama akasema, "Taa ni nzuri, mwanangu. Ni vile tu haifiki hapa."

Alikuwa amekaa hivyo miezi kadhaa. Hakusema kitu kwa sababu alijua kijana wake analipa kila siku, na hakutaka kuonekana hana shukrani.

Ajenti aliyewauzia alikuwa na jibu tayari: chukua mtambo mkubwa zaidi, deni liongezwe. Bahati nzuri fundi wa rangi wa pale kijijini alikuwa na jibu lingine. Silingi ikapakwa nyeupe, na kuta tatu pia. Taa ya sebuleni ikashushwa kwa waya mrefu mpaka karibu na meza. Mapazia mazito yakaenda chumbani, mepesi yakaja sebuleni. Hakuna hata wati moja iliyoongezwa. Sasa mama anachambua ndengu zake bila tochi.

Hiyo ndiyo hoja yetu leo: nyumba yako ni sehemu ya mtambo wako wa sola. Ukiipanga vibaya, utalipia mwanga ambao ukuta unaumeza.

Ukuta unakula mwanga

Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga. Rangi iliyokolea huumeza mwingi wake. Katika chumba chenye taa moja ndogo, mwanga unaorudishwa na silingi na kuta ndio unaojaza pembe na kupunguza vivuli. Ukipaka silingi nyeusi, umeitupa kazi hiyo yote.

Halafu kuna umbali. Ukisogea mbali na taa mara mbili, mwanga unaokufikia moja kwa moja hubaki robo, si nusu. Ndiyo maana taa iliyopigiliwa juu kabisa ya nyumba isiyo na silingi inaonekana hafifu, ilhali taa ile ile ikishushwa juu ya meza inatosha watoto watatu wa homework.

Mambo haya si mapya. Nenda Mji wa Kale wa Lamu uone nyumba za mawe ya matumbawe. Kuta ni nene, madirisha si mengi, lakini ndani plasta ni nyeupe na katikati kuna uwanja ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa vyumbani. Waliozijenga hawakuwa na swichi ya kubonyeza, kwa hivyo walipanga nyumba kwanza.

Tunajua utasema nini: nyeupe inachafuka. Ni kweli. Kuna vumbi, kuna moshi wa jiko, kuna mikono ya watoto. Basi fanya vile shule zetu nyingi zimefanya miaka yote: chini, hadi kiunoni, paka rangi iliyokolea ya kuoshwa kwa kitambaa. Juu yake paka nyeupe, na silingi iwe nyeupe kabisa. Na ukitaka ule ukuta mmoja wa rangi kali wa picha za mtandaoni, uweke. Ila uwe mmoja, na usiwe ule ulio karibu na meza ya kusomea.

Piga hesabu ya wati kabla ya kupiga picha ya sebule

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa unazokitumia. Tuseme una taa 4 za LED za wati 5, kila moja saa 4 usiku: hiyo ni 80. TV ya wati 40 kwa saa 4: 160. Simu tatu za kuchaji, tuseme 45. Jumla ni wati-saa 285 kwa siku.

Sasa paneli ya wati 100 ikipata saa 5 za jua kali itakupa 500 kwa karatasi. Toa vumbi, joto, waya na kinachopotea kwenye betri, weka makadirio ya 350. Kwa hivyo unatosheka, na kidogo kinabaki.

Halafu unaingiza birika la umeme la wati 2,000. Dakika 6 za kuchemsha chai ni wati-saa 200, zaidi ya TV ya jioni nzima. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni 500, zaidi ya kila kitu ulichotumia siku hiyo. Na mtambo mdogo hata hauwezi kusukuma mzigo huo kwa mara moja. Hapo ndipo watu husema sola ni takataka. Si takataka. Imebebeshwa punda mzigo wa lori.

Na zile taa za utepe zinazozunguka silingi ya jipsamu? Utepe wa mita 5 wenye wati 24, ukiwaka saa 5, unakula 120. Hizo ni zaidi ya taa zako nne zote kwa pamoja, na hakuna anayesomea hapo. Hatusemi usiziweke. Tunasema zihesabu, kisha uamue kama zinawaka kila siku au siku ya wageni.

Panga kabla ya plasta

Kosa tunalolisikia sana ni la mpangilio. Mtu anajenga, anapiga plasta, anapaka rangi, anaweka silingi, kisha ndio anamwita fundi wa sola. Fundi anafika, anatoboa. Waya zinapita juu ya ukuta mpya kama mizabibu, na betri inakosa mahali, inasukumwa chini ya kitanda.

Mwite fundi wa sola kabla ya fundi wa plasta. Mipira ya waya ipite ndani ya ukuta. Betri ipewe kona kavu yenye hewa, mbali na jiko na mbali na watoto. Amua mapema TV itakaa wapi, kwa sababu kabati likishasimama, soketi haihami. Friji iachiwe nafasi nyuma yake, isikae juani wala kubanwa ukutani, la sivyo itafanya kazi zaidi na kula zaidi.

Juu ya paa, angalia kivuli. Ule mwembe unaoupenda, ukifunika kipande tu cha paneli saa nane mchana, unaweza kupunguza umeme wa paneli nzima kwa kiasi kikubwa. Paneli iinamishwe kidogo ili mvua iioshe, na wakati wa kiangazi mtu aipanguse vumbi.

Na usimchukue fundi yeyote tu. Mafundi wa sola hapa Kenya wanapaswa kuwa na leseni ya EPRA. Uliza uione kabla hajapanda ngazi.

Na wewe uliye kwa nyumba ya kupanga?

Wengi wetu tuko hapo. Unaishi bedsita, paa si lako, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa. Usijione umeachwa nyuma. Kwanza, stima inayokuja kwa tokeni zako sehemu yake kubwa tayari ni safi: mvuke wa Olkaria, maji ya mabwawa, na upepo wa Ziwa Turkana, ambako mitambo yake ina uwezo wa megawati 310. Kwako suala kubwa ni tokeni kuisha tarehe 20.

Kwa hivyo anza na vitu unavyoweza kuhama navyo. Balbu za LED. Pazia jepesi. Kioo kikubwa ukutani kikitazamana na dirisha, ambacho kinapendeza na kinaleta mwanga. Meza ya kazi ihamie dirishani, sofa iende kule kwenye giza, kwani sofa haisomi. Ukiongeza taa ndogo ya sola unayoianika kwenye balkoni, stima ikipotea hutabaki gizani. Waliokuwa mjini usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipokatika karibu nchi nzima, wanajua tunaongea nini.

Deni nalo ni fanicha

Sasa tuje kwa yale yanayotuhusu moja kwa moja. Sisi ni kampuni ya malipo. Kila unapolipa kwa simu, tunapata kitu kidogo. Kwa hivyo ni rahisi kwetu kukuambia chukua mtambo mkubwa, lipa pole pole, maisha ni sasa. Hatutasema hivyo.

Shilingi 60 kwa siku inasikika kama bei ya chai na mandazi. Lakini tuseme ulilipa 3,000 za kwanza, kisha 60 kila siku kwa siku 500. Hiyo ni 30,000 juu ya zile 3,000, jumla 33,000. Kama mtambo ule ule kwa pesa taslimu ni 20,000, basi umelipa 13,000 kwa ajili ya kupewa muda. Pengine inafaa, kwa sababu huna 20,000 leo na mtoto anasoma leo. Lakini ijue hiyo namba kabla ya kukubali. Deni la sola linakaa sebuleni kwako kama kabati, na kila siku unalizunguka.

Kabla ya kulipa chochote, fanya haya:

- Uliza bei mbili: ya taslimu, na ya jumla ukilipa kwa siku. Ziandikwe.
- Uliza ukikosa siku kumi kwa sababu ya ugonjwa au mazao kufeli, nini kinatokea. Taa zinazima tu, au wanakuja kuchukua mtambo?
- Uliza kama ukimaliza mapema unapunguziwa.
- Lipa kwa namba ya Paybill au ya Till ya kampuni, si kwa namba binafsi ya ajenti, hata akiwa binamu yako. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Na PIN yako ni yako peke yako.
- Weka meseji zote za malipo. Siku ya kubishana, hizo ndizo shahidi.
- Kama unamlipia mzazi aliye mashinani, hakikisha akaunti inajulikana ni ya nani, na yeye anajua salio la deni. Asikae gizani akiogopa kuuliza.

Kama hauko kwa haraka, kuna njia nyingine. Weka hiyo 60 kila siku kwenye akiba ya simu. Ndani ya mwaka mmoja utakuwa na 21,900, na kwa mfano wetu huo ungenunua mtambo taslimu na ubakishe ya rangi nyeupe.

Uzuri ni nini basi?

Tuko na umri wa kupenda picha nzuri, hatukatai. Tumejaza simu zetu sebule za watu wa nchi ambazo jua linachwa saa kumi jioni na umeme haukatiki. Kwao ukuta mweusi una taa kumi zilizofichwa nyuma yake. Kwetu sisi jua liko karibu saa 12 kwa siku, mwaka mzima, na paneli moja juu ya mabati. Nyumba zetu zinafaa kupendeza kwa masharti hayo, si kwa masharti ya wengine.

Leo usiku fanya jaribio dogo. Zima taa zote isipokuwa moja. Keti pale mama yako, au mtoto wako, hukaa kila siku, na ushike kitabu. Kama huoni, usitafute namba ya ajenti bado. Angalia ukuta kwanza, halafu silingi, halafu urefu wa waya.

Kisha muulize huyo anayekaa hapo kama mwanga unamfikia. Muulize vizuri, maana anaweza kukuambia ni mzuri tu.