KUONGEZA OILI SIO KUTENGENEZA

Ndugu wanaushirika, pikapu yetu inavuja oili ya pawa stelingi. Dereva anaongeza chupa kila Jumamosi, ndizi zinateremka soko la Tengeru. Hapana, jamani! Usukani hauli oili kama injini inavyokula dizeli, ikipungua, inavuja.

Viungo vifutwe kwa kitambaa, injini iwashwe, mmoja azungushe usukani kushoto na kulia, mwenzake amulike mipira, klipu na pampu. Mara nyingi ni mpira uliochakaa. Oili ya breki isitiwe humo kamwe, inaharibu sili. Oili ikiisha, pampu inalia na usukani unakuwa mzito, na kona zetu za Meru wakati wa masika mnazijua. Ikidondokea bomba la moshi lenye moto, yaweza kuwaka.

Mpira ununuliwe Arusha wiki hii. Mikungu ingoje.