Lenzi ngumu za macho: bidhaa isiyokaa stoo

Dereva wa lori mwenye keratokonasi anaweza kubadilisha miwani mara kwa mara na bado usiku taa za gari linalokuja zikamtawanyikia. Katika ugonjwa huu konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hupungua unene na kuchomoza kama koni. Miwani hushindwa kusahihisha mpindo wa namna hiyo. Lenzi ngumu inayopitisha hewa husaidia, kwa kuwa machozi hujaa chini yake na mwanga hupita kwenye uso laini. Ugonjwa wenyewe hauponyi.

Muagizaji wa fremu za miwani atavutiwa kuongeza bidhaa hii. Aende taratibu. Forodha inaitambua kwa namba 9001.30, lakini hakuna saizi za kujaza dukani. Mpima macho hupima mpindo wa konea, huvalisha lenzi ya majaribio, hutia rangi ya fluoresini na kumulika kwa taa ya bluu aone inapogusa. Ikikandamiza ncha ya konea, huikwaruza. Ndipo oda ya kila jicho hupelekwa kiwandani, na lenzi ya kwanza huweza kurudishwa kubadilishwa.

Mtaji basi ni seti ya majaribio na mtu aliyefunzwa, siyo kontena. Dereva anayevuka mpaka kufuata kipimo apange safari zaidi ya moja, na aulize masharti ya kubadilishiwa kabla ya kulipa. Kwa njia za vumbi aulizie lenzi pana zinazokalia weupe wa jicho. Vumbi huzipenya kwa shida, ingawa bei yake kwa kawaida iko juu zaidi.