Vitanda vya majeruhi vihesabiwe kabla ya ajali

PALE Kinoo, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru, matatu, malori na bodaboda hung'ang'ania njia pamoja na waendao kwa miguu. Anayegongwa hukimbizwa Kikuyu au Kenyatta, na huko jamaa zake huuliza kwanza: kitanda kipo? Swali hilo lafaa kuulizwa na hospitali yenyewe miezi mingi kabla.

Wengi hudhani haiwezekani kwa kuwa ajali haipigi hodi. Sivyo. Ajali ya mtu mmoja haitabiriki, lakini majeruhi mia waliopita hutueleza mengi kuhusu mia wajao.

Majirani zetu wa Uganda walionyesha njia. Mwaka wa 2000 madaktari Olive Kobusingye na Ronald Lett walichapisha kipimo kinachojulikana kwa jina la Kampala. Muuguzi hutazama mambo matano: umri, presha ya damu, idadi ya pumzi kwa dakika, fahamu, na idadi ya majeraha mabaya. Kila jambo hupewa alama. Jumla ya juu ni 16. Kadiri inavyoshuka ndivyo hatari inavyozidi. Eksirei haihitajiki, saa na kipima presha vyatosha.

Faida ni mbili. Kwanza, aliye hoi hutangulizwa kuliko anayepiga kelele. Pili, alama zikiandikwa pamoja na damu aliyoongezewa mgonjwa, upasuaji na siku alizolazwa, hospitali huweza kukadiria mahitaji yake. Chukua aliyevunjika mfupa wa paja. Aweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya mwili bila tone kuonekana. Akitibiwa kwa kuvutwa mguu kwa uzani badala ya kupasuliwa, atalala wiki sita au zaidi. Wakija watano wa namna hiyo, vitanda vitano vimekwenda.

Yamkini utasema wauguzi wamelemewa na kazi, hawana nafasi ya kuandika. Kweli wamelemewa. Lakini bila hesabu hiyo, watadai wenzao zaidi kwa ushahidi gani?

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Damu na vitanda ni mali, na uhai zaidi. Basi mwakilishi wa wadi akija kukuomba kura, muulize: bajeti ya majeruhi ilikadiriwa kwa daftari lipi?