Trauti mkubwa usimuuze kwa kilo

Wenzangu wa biashara huku Mlima Kenya, hii ni yenu: mama wa mayai, kijana wa kubeba mizigo, fundi wa kufunga nzi bandia wa kuvulia, na wewe unayepeleka trauti hotelini kama mimi.

Juzi kijana aliniletea trauti wa karibu kilo tatu, ametoka naye ziwani. "Mzee, nipe bei." Zamani ningemnunua bila swali. Nimewanunua wengi hivyo, sikatai. Safari hii nilikataa, akanuna, akaenda zake.

Piga hesabu. Huyo samaki anauzwa mara moja, analiwa jioni moja, kwisha. Lakini kuna mgeni anayepanda hadi Ziwa Alice au Rutundu, zaidi ya mita 3,000 juu, kumtafuta huyo huyo. Analipa wapagazi, ananunua mayai na mkate, nzi wake wananasa vichakani ananunua wengine. Akimpata anampiga picha, anamwachilia. Mwezi ujao anakuja mwingine, samaki ni yule yule. Ziwa likibaki na vidagaa, huyo mgeni harudi, na hatakuaga.

Sasa, wale wanaosema trauti wote warudishwe majini, hapo sikubaliani nao. Kwanza trauti si wa kwetu toka jadi. Aliletwa na Grogan mwaka 1905 kutoka Uskoti, akatiwa mto Gura kule Aberdare. Asifanywe mtakatifu. Pili, ziwa ni kama shamba la mahindi: ukipanda mingi shimo moja, yote inakonda. Maji ya juu ni baridi na chakula ni kidogo. Samaki wakijaa, wanagawana hicho kidogo na hakuna anayenenepa. Kwa hivyo mahali wamejaa, wadogo waliwe! Mgeni akaange wawili kambini, kulingana na leseni yake. Mkubwa ndiye arudi.

Na kurudisha kuna namna yake, nyinyi mnaoongoza wageni mwafunze. Kile kijino cha ndoana kinachozuia samaki kuchomoka kibanwe na koleo kabla ya kuvua. Mikono iloweshwe kwanza, mkono mkavu unamtoa ute unaomkinga. Asivutwe muda mrefu mpaka achoke kabisa. Samaki akikaa nje dakika tano akipigwa picha, kumrudisha ni kumuua kwa adabu tu.

Mtaniuliza, hoteli zitakula nini? Za bwawa. Ukiwa na maji ya mto yanayopita, baridi na safi, trauti anafugika, na hoteli inapenda samaki wa saizi moja, anayeenea sahani, kila wiki bila kukosa. Wa ziwani leo yuko, kesho hayuko.

Yule kijana nilimwambia arudi. Akiniletea wa bwawa tutaongea bei, na wageni wakija nitampigia simu abebe mizigo. Bado hajarudi.