Fildi, au Kuchemsha Chai?

Jamani vijana wenzangu, tuambizane ukweli. Mwanafunzi wa uuguzi akipelekwa fildi hushika mgonjwa. Wa ualimu husimama mbele ya darasa, chaki mkononi, msimamizi kakaa nyuma anaandika. Wa muziki je? Huyu hubeba spika, huchemsha chai, hukimbizwa dukani kununua maji, na wiki ya nane hugongewa muhuri kwamba amejifunza. Kajifunza nini? Kukunja nyaya!

Sisemi kwa kusikia. Mimi wa Ipuli nilipanda treni Tabora, zaidi ya kilomita 800 za reli, kwa sababu chuoni tuliambiwa fildi ya muziki ni studio, na studio ni Dar es Salaam. Ile studio siitaji. Nauli yangu, chakula changu, godoro la kuazima kwa mshikaji. Siku niliyoomba nioneshwe mkataba wa msanii unavyokuwa, nikajibiwa hayo siyo mambo ya wanafunzi. Lakini usiku mmoja mwimbaji wao alipochelewa nikaitwa niimbe kiitikio. Hicho, eti, kikawa cha wanafunzi! Sauti yangu imo ndani ya wimbo, jina langu halimo.

Wakubwa watatujibu: vumilieni, kila fundi alianza kwa kufagia. Sawa. Ila sisi watu wa Unyanyembe tusifundishwe habari ya kubeba mizigo, maana hapa ndipo kwao. Karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walikwenda pwani na pembe za ndovu begani. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo, hilo halifichiki. Lakini wapagazi wengi walikuwa watu huru, wa kulipwa. Walipatana ujira kabla ya safari, wakapewa posho njiani, na posho ikipunguzwa walitua mizigo, au walitoroka usiku, msafara ukakwama hapo hapo. Wazungu wenye misafara wamejaza vitabu kwa kulalamikia jambo hilo. Naye kirangozi, aliyetangulia mbele, alilipwa zaidi ya wenzake. Kwa hiyo mtu wa barabara ya vumbi, asiyejua kusoma, alijua bei yake kabla hajavuka Ugogo. Mwanachuo wa leo, mwenye sheria nzima ya hakimiliki tangu mwaka 1999, haijui yake.

Halafu kwa nini Dar tu? Tabora Jazz ilikuwa hapa. Nyanyembe Jazz hapa. Kiko Kids ya Salum Zahoro hapa hapa. "Dada Asha" ya Shem Karenga iliimbwa na nchi nzima, na haikutungwa Kariakoo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine yake ya kunasa sauti, akarekodi mpaka nyimbo za Wanyamwezi. Mgeni yule aliiona fildi mahali ambapo vyuo vyetu vinaona pori na asali.

Mimi naona kazi tele huku. Mpe mwanafunzi hizo wiki nane, daftari na kinasa sauti, umtume kwa wapigaji waliostaafu, au kwa watoto wao kama wazee wameshatangulia. Aandike nani alitunga wimbo gani, nani alipiga gitaa la solo, nani la besi, walirekodi mwaka gani, walipewa nini. Jioni ashike gitaa afundishwe vidole na mzee mwenyewe, maana hayo hayamo kitabuni. Kisha aisaidie familia kupeleka karatasi COSOTA. Haki ya mtunzi haizikwi naye, sheria inawaachia warithi. Ila nani atadai mirabaha ya wimbo ambao hakuna anayeweza kuthibitisha nani aliutunga? Bwana, hiyo ndiyo tasnia ya muziki. Ile ya kupiga picha na mastaa mlangoni ni utalii.

Wanaotaka studio waende, sikatai. Ila chuo kisitutume kama kifurushi cha posta. Pawe na karatasi iliyosainiwa kabla ya kupanda treni: posho kiasi gani, tutafundishwa nini, na sauti ya mwanafunzi ikitumika jina lake litaandikwa wapi. Nanyi walimu mnaokuja kutukagua, msiishie mapokezi kusaini daftari na kuwahi basi. Ingieni ndani. Ombeni mpigiwe tulichorekodi, muulize ni nani huyo anayeimba.