MICHE ILIYOPINDA ISICHOMWE

Ndugu wanakijiji,

Jumatatu nilipita nyuma ya kitalu chetu cha ushirika nikakuta lundo la miche. Ni mikwaju, mitini na mibuyu iliyokaa kwenye viriba misimu miwili bila kununuliwa. Mashina yamepinda, mbuzi wamekula vichwa, mizizi imejizungusha ndani kama kamba. Nilipouliza nikajibiwa, "Hiyo takataka, Katibu, inangoja kiberiti tu." Na aliyetia sahihi itupwe ni mimi. Basi lawama naanza nazo mwenyewe.

Ni kweli haifai shamba. Mti wenye mizizi iliyojizungusha ukipandwa hudumaa, au siku ya upepo unaanguka. Hapo bwana miti hakukosea. Lakini kutofaa shamba si kutofaa kabisa. Ipo kazi inayotaka miche ya namna hii hii, nayo inaitwa bonsai, yaani mti unaotunzwa miaka mingi ukiwa mdogo ndani ya chungu kifupi. Shina nene lililopinda mkulima analikataa, lakini fundi wa bonsai ndilo analolitafuta.

Asili ya kazi hii ni China, na Wajapani wakaiendeleza. Mwaka 1923 tetemeko kubwa liliharibu mji wa Tokyo. Baadhi ya mafundi wakahama, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao huko Omiya. Wakajiwekea sheria: kila mkazi awe na miti isiyopungua 10, na mlango wake uwe wazi kwa wageni. Kijiji kile kipo hadi leo na wageni wanakitembelea. Hawakungoja trekta, ndugu zangu. Walikuwa na vyungu, mikasi na subira.

Kazi yenyewe ni hivi. Mvua zikianza, punguza kichwa cha mche. Fungua mizizi iliyojizungusha, kata ile minene, acha myembamba, maana ndiyo inayonyonya maji. Panda kwenye chungu chenye matundu chini, udongo uchanganywe na mchanga wa mto na changarawe ndogo. Weka kivulini mpaka uchipue, halafu utoe juani; mti huu si wa kukaa chumbani. Tawi ukitaka ligeuke, lizungushie waya laini, na uutoe kabla haujakata ganda. Samaki mkunje angali mbichi. Mche wenye ugonjwa, huo ndio uchomwe.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa watu wa mjini walioshiba. Nami sitawadanganya kwamba mwakani tutahesabu noti. Bonsai nzuri inataka miaka, na siku chache za kiangazi bila maji zinatosha kuiua. Lakini viriba vile tulivijaza kwa mikono yetu, na kina mama wakavimwagilia kwa maji ya kubeba kichwani. Tukichoma miche ile tunachoma jasho lao. Tena wapo wazee wetu ambao jembe limewashinda, lakini kazi ya kukaa wanaiweza.

Shauri langu ni hili. Kamati itenge miche 20 tu. Wazee na vijana waliomaliza shule waitunze pamoja, wafinyanzi wetu watoe vyungu, na hesabu ya iliyopona na iliyokufa ibandikwe hapa ubaoni kila msimu. Tukishindwa, tutakuwa tumepoteza kitu tulichokwisha kukitupa.

Mimi nilianza a, e, i, o, u kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa tayari baba wa watoto wanne. Wapo walioniambia wakati umenipita. Leo mnasoma mwandiko wangu.

Mpaka mkutano mkuu uamue, naomba mtu yeyote asiwashe moto pale.

Ni mimi,
Katibu wa Tawi